Likelemba yetu na hisa za watu wengine

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya Mama Mapasa kupokea. Tulikutana kwake Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, saa nane mchana, wanawake 18 kati ya 20, wawili walikuwa wametuma pesa kwa simu. Mimi ndiye mtunza hazina wa likelemba yetu, ule mchango wa pesa wa kupokezana kwa zamu ambao wengine huuita upatu, kwa hiyo kuhesabu ni kazi yangu, na anayezijua dola za huku kwetu anajua kwamba kuhesabu si kujumlisha peke yake. Kila noti inainuliwa kwenye mwanga, inapinduliwa, pembe zote nne zinapitishwa kidole. Noti ya dada wa saluni ilikuwa na mpasuko upande wa juu, mdogo hata ungedhani ni uzi umeshika. Nikamrudishia. Akanuna. Lakini sheria anaijua: hapa Lubumbashi dola iliyochanika ni karatasi tu, hata kama huko Marekani wanaipokea bila maneno.

Kila mmoja anatoa dola 50 kwa mwezi, na aliyefikiwa na zamu anaondoka na dola 1,000. Pesa hiyo hailali. Saa nane iko mezani, saa tisa imefungwa kwenye pindo la kitenge cha mwenyewe, na kisanduku changu kinarudi nyumbani kitupu kama kilivyokuja. Tuna miaka 9 hatujaibiwa hata mara moja. Mwizi angekuta nini?

Katika miaka hiyo 9 nimeona likelemba ikinunua friza nne, mabati ya nyumba sita, ada za shule zisizohesabika, safari moja ya Dubai na majeneza mawili. Sijaona ikinunua mashine. Na Mama Mapasa sasa anataka mashine. Anataka kinu cha kusaga mahindi na mihogo, chenye mota yake, waya wake wa umeme na chumba chake cha matofali, kwa sababu amechoka kupeleka magunia kwenye kinu cha mtu mwingine na kurudi na unga uliopungua kwa njia isiyoelezeka. Bei ya yote, tuliyoipiga mahesabu pamoja, ni dola 13,500.

Nilifanya hesabu nyuma ya daftari. Zamu moja ni dola 1,000 kila baada ya miezi 20. Zamu 14 ni miezi 280. Mama Mapasa angesaga debe lake la kwanza baada ya miaka zaidi ya 23, akiwa na miaka 71, tena kama tangu leo hajala wala kuvaa.

Benki alikwenda. Walimsikiliza vizuri, wakamwomba cheti cha kiwanja, wakamwambia marejesho yaanze mwezi unaofuata na yaishe ndani ya miezi 18. Kinu chenyewe kingehitaji miezi minne kabla ya kuanza kazi. Alirudi kwangu na hasira, nami nikajikuta naitetea benki, jambo ambalo sikutegemea kulifanya maishani. Pesa wanayokopesha si yao. Ni ya watu kama mimi tulioiweka pale na tunaoweza kuidai kesho asubuhi. Pesa inayoweza kudaiwa kesho asubuhi haithubutu kwenda kukaa kwenye mota na matofali kwa miaka 10. Inataka kurudi nyumbani mapema.

Hapo ndipo nilipotamka neno ambalo lilituvurugia kikao. Nilisema nchi nyingine watu wenye shida kama hii wanakwenda bourse. Mama Mapasa akageuka haraka: “Ya Uchina ama ya Urusi?” Kwetu bourse ni ule ufadhili wa mtoto kwenda kusoma ng'ambo, na yeye ana mapacha wawili wamemaliza sekondari. Tulicheka mpaka mama mmoja akamwaga kinywaji chake cha munkoyo. Nikalazimika kueleza bourse ya pili, yaani soko la hisa, ni nini, na nilivyoeleza siku ile haikuwa vizuri. Ndiyo maana naandika hapa, kwa utulivu, bila mtu kuniuliza kama chakula kiko tayari.

Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni, gawio ni fungu la faida analopewa mwenye kipande hicho, na soko la hisa ni mahali pa kuuziana vipande hivyo. Nianze na Lusaka, maana mimi mwenyewe nilielewa kupitia Lusaka.

Nina depo ndogo ya unga na sukari, soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi wenye jina la ile nchi, na tangu 2009 bidhaa zangu zinatoka Zambia kwa njia ya mpaka wa Kasumbalesa. Mwaka jana karatasi za mzigo zilinichelewesha Lusaka siku tatu, nikalala kwa mama mmoja mjane ambaye mimi humwita Ba Mayo kama wanavyoita wenyewe. Jioni ya pili tumekaa jikoni, ananikaangia vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, simu yake ikalia kidogo. Akafuta mafuta mkononi, akasoma, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya: “Gawio limeingia.” Nikamwuliza la nini. Akasema la umeme.

Marehemu mume wake aliacha hisa za Copperbelt Energy Corporation, kampuni inayopeleka umeme kwenye migodi ya Copperbelt, ambayo iliingia soko la hisa la Lusaka Januari 2008. Hisa zenyewe si nyingi. Lakini nilisimamisha kula. Ukivuka Kasumbalesa unaziona nyaya kubwa zinazotoka Zambia kuingia kwetu. Kampuni hiyo ndiyo inayosafirisha umeme mpaka kwetu Katanga. Miaka yote napita chini ya zile nyaya na magunia yangu, nikiziona kama sehemu ya mawingu. Kumbe kipande chake, kidogo kama punje, ni cha huyu mama mwenye kikaango. Na sukari niliyokwenda kununua? Zambia Sugar, ile ya mashamba ya Nakambala, iko kwenye soko lilelile tangu 1996. Mimi nanunua sukari. Kuna watu Lusaka wananunua kampuni ya sukari, vipande vidogo vidogo, kwa pesa isiyozidi ninayoacha kwa mpakiaji.

Soko la Lusaka lilifunguliwa Februari 1994. Ni wakati ule serikali ya Zambia ilipokuwa inauza makampuni yake, na katika mengine sehemu ya hisa iliwekwa kando ili raia wa kawaida waje wazinunue. Nalinganisha na upande wetu wa mpaka. Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na viwanda vya wageni vichukuliwe, na vikagawiwa watu waliochaguliwa. Hakuna aliyenunua hisa, hakuna aliyeona vitabu vya hesabu. Waliopewa duka waliuza kilichokuwa rafuni, na rafu zilipoisha na duka likaisha. Nilikuwa sijazaliwa, lakini jina la mambo yale, zaïrianisation, nimelisikia likitamkwa kwetu kama jina la ugonjwa.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani Zambia ni peponi. Zambia hiyohiyo Novemba 2020 ilishindwa kulipa hati fungani zake za dola, yaani karatasi za deni ambazo mkopaji huwauzia watu na kuahidi kuwarudishia pesa na riba. Soko la mitaji halimzuii mkopaji kukopa kupita kiasi. Lakini Ba Mayo ana kitu ambacho baba yangu hakuwahi kuwa nacho, na sasa lazima nimseme baba.

Baba alikuwa mtu wa fonderi, kiwanda cha kuyeyusha shaba, chini ya ile cheminée, bomba refu la moshi, ambayo kila mtu aliyepita Lubumbashi anaijua, na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba pembeni yake. Aliweka akiba. Kitabu chake cha akiba ninacho, kiko kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya ubatizo. Ukurasa wa mwisho, wa 1989, unasomeka zaïre 412,000, kwa wino wa bluu, na sahihi ya karani mwenye mwandiko mzuri sana. Wakati ule haikuwa pesa ndogo. Oktoba 1993 zaïre mpya ililetwa, na moja mpya ilikuwa sawa na milioni 3 za zamani. Akiba yote ya baba haikufika hata robo ya noti moja. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo, moja kwa zaïre mpya 100,000. Hiyo sikutaka hata kuihesabu.

Watu wa nje wanatushangaa tunavyoficha dola chini ya godoro. Waje wasome kile kitabu. Mtu anayenunua hati fungani ya miaka 5 anakubali kusubiri miaka 5, na kusubiri kunataka pesa ambayo haitayeyuka ikiwa njiani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua ya kwanza kabla ya jengo lolote la soko: sarafu inayoweza kulala ikaamka ile ile.

Mwaka 2003 ukaja mpango wa départ volontaire, kuacha kazi kwa hiari. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali iliyomwajiri baba, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000, na kila mmoja akapewa chake kwa mkupuo. Baba akaleta nyumbani bahasha ya dola. Kiasi sitataja, mama bado yu hai na anasomewa ninayoandika. Baba alikaa na ile bahasha wiki tatu, halafu akanunua basi dogo la mitumba. Jirani wa kushoto naye akanunua basi dogo. Jirani wa nyuma, basi dogo. Asiyenunua basi alijenga vyumba vya kupangisha, na asiyejenga alifungua duka la kuuza vilevile vinavyouzwa duka linalofuata. Wakati ule niliona ni ukosefu wa akili. Leo naona kitu kingine. Maelfu ya watu wazima wamepewa mtaji wiki zilezile, na milango iliyo wazi ni mitatu, watapita wapi? Hapakuwa na hati fungani ya serikali ya kununua. Hapakuwa na hisa ya kiwanda cha saruji, wala ya umeme, wala ya sukari. Injini ya basi la baba ilikufa njia ya Likasi baada ya miezi 14. Kiti cha nyuma tulikileta nyumbani, kikawa kochi la barazani, na mpaka leo anayekuja kunisalimu anakikalia.

Sasa sikilizeni kinachonichoma. Ile fonderi yenyewe ilizaliwa kwa hisa. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na nyuma yake walikuwako Société Générale ya Ubelgiji na kampuni ya Waingereza, Tanganyika Concessions. Hisa zilinunuliwa na watu wa Ulaya ambao wengi wao wasingeweza kuionyesha Katanga kwenye ramani. Ni pesa yao iliyokusanywa kidogo kidogo iliyochimba, na mwaka 1911 moto wa kwanza wa shaba ukawaka hapa. Kazi ngumu ilifanywa na babu zetu, na gawio lilikwenda Brussels. Serikali yetu ilipotaifisha mali zile mwaka 1967, tukapata Gécamines. Lakini kampuni ya kule haikufa. Ilibadilisha jina mwaka 2001, ikaitwa Umicore, na bado inauzwa na kununuliwa katika soko la hisa la Brussels. Mwaka 2024 ilifanya mapatano na STL, kampuni tanzu ya Gécamines, kuchukua madini ya germani yanayotolewa kwenye mlima wetu mweusi. Yaani mabaki aliyoyamwaga baba na wenzake yamekuwa mtaji tena, na mwalimu wa Liège akitaka kipande cha biashara ile anampigia dalali wake. Mwalimu wa Katuba atampigia nani?

Siwaonei wivu Wabelgiji. Nasema namna yao ya kukusanya ndiyo tuliyoiacha iende pamoja nao. Tulibaki na shimo na tanuri.

Kuna jambo lingine nililichelewa kuligundua, na naliona ndilo kubwa. Kampuni ikiingia soko la hisa, inalazimika kusema. Mei 2025 ardhi ilitikisika ndani ya mgodi wa Kakula, karibu na Kolwezi. Binamu yangu wa Kolwezi alinitumia ujumbe wa sauti, nusu yake upepo, akisema kuna kitu kimetokea chini lakini watu wanasema mengi. Maelezo yenyewe, sehemu gani imesimama na uzalishaji utakuwaje, niliyasoma kwenye matangazo ya Ivanhoe, mmoja wa wenye mgodi huo, kampuni iliyo kwenye soko la Toronto, ambako hisa zake ziliporomoka siku zilezile. Haikuwa hiari yao. Sheria ya soko lile inataka aliyeweka pesa ajue. Kwa hiyo mstaafu wa Kanada alijua habari za ardhi ya kwetu kabla ya mwenye shamba aliye pembeni ya uzio.

Na wakidanganya? Desemba 2018 wasimamizi wa masoko wa Ontario, jimbo la Kanada ulipo mji wa Toronto, walimaliza shauri la Katanga Mining, kampuni iliyokuwa na mgodi Kolwezi na hisa Toronto, kwa sababu ya taarifa zisizo sahihi walizowapa wanahisa. Kampuni na viongozi wake kadhaa walitozwa kwa jumla zaidi ya dola milioni 30 za Kanada. Shaba ya Kolwezi, faini ya Ontario. Aliyekosewa kisheria alikuwa mwenye hisa, na wenye hisa walikuwa wa huko.

Nirudi kwenye likelemba, kwa sababu ndani yake nimekuta karibu soko lote, ila dogo. Mwezi wa tatu dada wa saluni alikuwa na zamu ya Aprili. Mama mwingine, mwanawe kafukuzwa shule kwa ada, alikuwa na zamu ya Oktoba. Wakabadilishana, na yule wa Oktoba akamwongezea dada wa saluni dola 40 “za kinywaji”. Hakuna aliyekunywa chochote. Ile 40 ilikuwa bei ya miezi sita. Walifanya riba pale barazani, mbele ya Bikira Maria wa ukutani, na hakuna aliyeona dhambi. Zaidi ya hapo, kwa sababu tunajua zamu inaweza kuuzwa, hata mwanamke mwenye mashaka anakubali kuingia likelemba ya miezi 20. Nimesikia wasomi wakisema kuuziana hisa sokoni ni kamari, pesa inazunguka kwa wenyewe na kiwanda hakiongezewi hata senti. Kweli, Ba Mayo akiuza hisa zake kesho, kampuni ya umeme haipati kitu. Lakini mume wake asingezinunua kamwe kama angejua hakuna siku atakayoweza kuziuza. Mlango wa kutokea ndio unaowafanya watu waingie.

Watani zangu wa Afrika Mashariki wanalijua hili zamani. Soko la Nairobi ni la 1954, na la Dar es Salaam lilianza biashara 1998. Wameona pia ubaya wake. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza robo ya Safaricom, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 moja, na Wakenya zaidi ya 800,000 wakaomba. Pesa ile ilikwenda hazina ya serikali, si kwa kampuni, na mwaka uliofuata bei ilikuwa imeanguka chini ya shilingi 3. Waliokopa ili wanunue waliumia. Waliosubiri miaka walicheka. Lakini si kila anayesubiri anacheka. Mumias Sugar iliingia soko la Nairobi mwaka 2001, na kufika 2019 kampuni ilikuwa mikononi mwa msimamizi wa wadai, hisa zake zimesimamishwa. Mtu akinambia hisa ni akiba salama namwambia aziondoe hoja hizo mbele yangu.

Lakini tazameni mjini kwetu, hapa hapa. TMB, benki iliyozaliwa mwaka 2004, leo sehemu yake kubwa ni ya KCB ya Kenya, tangu Desemba 2022. Ile benki ya BCDC ya zamani, ambayo mizizi yake ni ya 1909, ilichukuliwa na Equity, nayo ya Kenya, mwaka 2020. Mwaka 2023 CRDB ya Tanzania ikaja kufungua, tena ikaanzia Lubumbashi, si Kinshasa. KCB, Equity na CRDB, zote tatu ziko kwenye masoko ya hisa ya kwao. Kwa hiyo ninapopanga foleni kulipia mzigo, kaunta ninayoegemea ina wenyewe wengi mno: kuna muuguzi wa Nakuru ndani yake, kuna mstaafu wa Iringa mwenye hisa 200. Mimi ni mteja wao. Wamekusanya kwao, wakavuka maziwa, wakaja kunikopesha kwangu. Sioni ubaya, ila natamani siku moja kuwa upande wa pili wa kaunta bila kubadilisha nchi.

Baba watoto, ambaye hapendi nikiandika usiku, ananiuliza kila mara: “Na hapa kwetu nani atakagua vitabu?” Ni swali zuri kuliko majibu yangu. Sheria haikosekani kabisa. Tuko OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu 2012, na sheria zake zinaruhusu kampuni kuwauzia watu hisa. Serikali nayo tangu 2019 inauza hati fungani kwa mnada kupitia Benki Kuu, lakini ukimwuliza muuza unga yeyote sokoni hajui, maana wanunuzi ni mabenki. Kama ningeulizwa mimi, nisingeanza na jengo la vioo Kinshasa. Ningeanza na walichofanya Wakenya mwaka 2017 na M-Akiba: hati fungani ya serikali kwa simu, kuanzia shilingi 3,000, riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Si pesa nyingi. Mtu azoee kwanza kuona serikali inamrudishia chake kwa tarehe iliyoandikwa. Akishazoea hilo, mwambie habari za ile asilimia 20 ya serikali katika Kamoa-Kakula, kampuni ya ule mgodi uliotikisika, kama anaweza kununua japo ukucha wake.

Basi, Jumapili ile hatukuondoka mikono mitupu. Baada ya kicheko kuisha, mama mwenye duka la dawa akasema: kwa nini sisi tusinunue kinu? Tukaandika. Kinu cha dola 13,500 tumekigawa vipande 135, dola 100 kila kimoja. Mama Mapasa anachukua 35 na ndiye atakayeendesha. Wengine 11 tumegawana 100 zilizobaki, kulipa ndani ya miezi 10, kwenye akaunti yenye sahihi tatu. Likelemba inaendelea kivyake kama kawaida.

Kifungu cha 4 ndicho tulichokipigania sana, na nakipenda. Kila debe linalosagwa litaandikwa kwenye daftari lililofungwa kwa kamba ukutani, mahali ambapo mteja yeyote anaweza kusoma. Mama Mapasa alilalamika kwamba washindani watajua biashara yake. Dada wa saluni akamjibu kwamba mwenye vipande 3 atajua pia. Kifungu cha 5: mkaguzi asiwe mwanachama wala mume wa mwanachama. Kifungu cha 6, kifo: vipande vinakwenda kwa aliyeandikwa, si kwa shemeji anayefika na lori siku ya matanga. Hicho kilipita bila kura.

Tulikwama kwenye kifungu cha 7. Dada wa saluni aliuliza: nikiuguliwa, nikitaka kutoka, napewaje pesa yangu? Mmoja akasema arudishiwe 100 zake. Kutoka wapi? Pesa itakuwa imeshakuwa mota. Basi atafute wa kumwuzia. Kwa bei gani? Kinu kikisaga vizuri, kipande hakiwezi kubaki 100; kikilala kwa kukosa umeme, nani atatoa hata 60? Na akimwuzia mtu tusiyemjua? Hapo sauti zilipanda, kila mmoja akasema lake, na mama wa duka la dawa akataka kujua kwa nini mtunza hazina anatabasamu. Nikawaambia Ba Mayo wa Lusaka ana watu wanaomfanyia hesabu hiyo kila siku ya kazi.

Kwenye daftari nimeandika “Kifungu cha 7” na nukta mbili, na chini yake mistari kumi haina kitu. Tunaendelea nacho Jumapili ijayo, saa nane, kwangu safari hii. Dada wa saluni ameahidi kuleta noti nzima. Asiyekuwa na nafasi kwenye viti atakaa kwenye kile cha basi.